Ufunguo wa Sanduku la Huduma ya Kwanza Uko kwa Nani?

Kisa hiki nimekaa nacho kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu kinanitia aibu. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Nilikuwa darasani nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili historia ya ugatuaji wa madaraka nchini, kuanzia Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 hadi kurejeshwa kwa serikali za mitaa katika muongo uliofuata. Simu nilikuwa nimeiondoa mlio. Nilipotoka nikakuta nimepigiwa mara 11, zote kutoka nyumbani. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 4, alikuwa amevuta sufuria ya uji iliyoepuliwa na kuwekwa ukingoni mwa meza, na uji ukammwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Mama yake alikuwa safarini, msibani. Nyumbani walikuwapo yeye na msichana anayetusaidia kazi, ambaye watoto humwita dada na sisi wakubwa tumezoea kumwita hivyo hivyo.

Yaliyotokea niliyajua baadaye, kwa vipande. Jambo la kwanza dada alilifanya kwa usahihi kabisa: alimbeba mtoto hadi bombani uani, akaufungulia mkono ule maji. Hakuna aliyemfundisha. Aliona moto, akafikiria maji. Kilio kikawaita majirani. Mama mmoja wa makamo, mtu mwema ambaye tumezikana na kuozeshana naye kwa miaka, alifika na dawa ya meno. Mwingine alileta yai. Mtoto akatolewa kwenye maji baada ya dakika mbili au tatu, mkono ukapakwa dawa ya meno hadi ukawa mweupe, kisha wakakaa kusubiri nipokee simu. Nilipomuuliza dada kwa nini aliwaachia, alinijibu huku akitazama chini: "Baba, mimi ni msichana wa kazi tu. Ningemwambiaje mama yule aache?"

Kwenye zahanati muuguzi alilazimika kuiosha dawa ile ya meno kutoka kwenye ngozi iliyokwisha kutoka malengelenge. Sauti ya mtoto siku ile sitaieleza hapa. Mkono umepona na vidole vinakunjika vizuri. Kovu lipo, na mwenyewe huwaonyesha wenzake shuleni kana kwamba ni medali.

Usiku ule nilipanda juu ya kiti nikakishusha kisanduku chetu cha huduma ya kwanza. Ndiyo, tulikuwa nacho. Kilikuwa juu ya kabati la nguo, chumbani kwetu, na chumba chenyewe hufungwa kwa ufunguo kila tunapotoka, kama zilivyo nyumba nyingi za watu wa kada yangu. Nilikuwa nimekinunua miaka sita kabla, siku tulipohamia. Ndani nilikuta plasta zilizokauka gundi, chupa ya spiriti iliyobaki theluthi, paracetamol iliyokwisha muda wake miaka miwili iliyopita, glavu zilizochanika nilipozivuta tu, na tochi ambayo betri zake zilikuwa zimevuja na kuota kutu ya kijani. Mkasi haukuwamo. Karatasi ya maelezo ilikuwamo, imekunjwa vizuri, haijawahi kusomwa: upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kichina.

Hata kama kisanduku kile kingekuwa kimejaa vitu vipya, dada asingekifikia. Na hata kama angekifikia, asingeweza kuisoma karatasi yake. Na hata kama angeisoma, asingekuwa na kauli mbele ya majirani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba asubuhi ile nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu juu ya kupeleka madaraka kule yanakohitajika, ilhali nyumbani kwangu nilikuwa nimeyafungia chumbani na kuondoka na ufunguo mfukoni.

Msomaji anaweza kusema hilo ni tatizo la mhadhiri mmoja mzembe. Na atazame ofisini kwake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aandae huduma ya kwanza kwa wafanyakazi wake, na sehemu nyingi nilizopita kisanduku kipo: kimepigiliwa ukutani, kina kufuli, na mwenye ufunguo yuko likizo. Panda basi la mkoani utakiona kingine karibu na dereva, kimebandikwa msalaba mwekundu. (Msalaba huo, kwa mujibu wa Mikataba ya Geneva, ni nembo iliyotengwa kwa ajili ya huduma za tiba za majeshi na vyama vya Msalaba Mwekundu. Alama ya kimataifa ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani. Lakini hilo ni dogo.) Muulize kondakta kuna nini ndani. Kisanduku kile kipo kwa ajili ya mkaguzi, na kazi yake kimeshaimaliza pale askari wa usalama barabarani alipokitupia jicho na kuliruhusu basi liende. Nyumbani hakuna mkaguzi, kwa hiyo wengi hawana hata hicho cha kuonyesha. Na sisi wachache tulio nacho tumekiiga kile cha basi, pamoja na kufuli lake.

Wala tusijidanganye kwamba nyumba si mahali pa kazi. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unawatambua wafanyakazi wa nyumbani kuwa ni wafanyakazi, na unawapa haki ya kufanya kazi katika mazingira salama. Niwaachie wanasheria mabishano ya vifungu. Mantiki yenyewe haihitaji wakili: kama kiwanda chenye mashine za kushonea kinatakiwa kuwa na bandeji, jiko lenye moto, visu, mafuta yanayochemka na sakafu yenye utelezi, ambamo msichana wa miaka 20 anashinda kutwa na watoto wawili, linahitaji bandeji zaidi.

Historia ya plasta yenyewe inaunga mkono hoja hii. Mwaka 1888 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilianza kuuza visanduku vya huduma ya kwanza kwa ajili ya wajenzi wa reli, watu waliokuwa wakiumia mbali na daktari yeyote. Hicho kilikuwa kisanduku cha wanaume, cha kazini, chenye msimamizi. Miaka 32 baadaye, mwaka 1920, mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo aitwaye Earle Dickson aliona mkewe anajikata na kujiunguza jikoni mara kwa mara, na kwamba kila akitaka kujifunga bandeji anahitaji mikono ya mtu wa pili. Akachukua utepe wa kunata, akabandika juu yake vipande vya shashi kwa nafasi, akamwachia mkewe ajikatie mwenyewe wakati yeye yuko kazini. Plasta, basi, ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyebaki peke yake jikoni. Karne moja baadaye sisi tumeipandisha juu ya kabati la chumbani.

Nirudi kwenye kuungua, maana hapa ndipo ujinga wetu unapogharimu zaidi. Joto halikomi pale uji unapofutwa. Linaendelea kupenya chini ya ngozi kwa muda, likiunguza tabaka baada ya tabaka. Kinachoweza kulisimamisha ni maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dakika mbili. Barafu haitakiwi, kwa sababu nayo huidhuru ngozi. Dawa ya meno, yai, siagi, asali, unga wa ngano, mafuta ya breki (hili nalo nimelisikia kwa masikio yangu) hufungia joto ndani, huingiza uchafu na kumficha mhudumu wa afya kidonda anachotakiwa kukiona. Pete, bangili na nguo zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba, isipokuwa zile zilizogandamana na ngozi. Malengelenge yasipasuliwe. Baada ya maji, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata, au kwa nailoni safi ile nyembamba ya kufungia vyakula, na mtoto apelekwe kunakostahili, hasa akiwa ameungua usoni, mikononi, sehemu za siri au eneo linalozidi kiganja chake mwenyewe. Mahali penye mgao wa maji, yamwagwe kwa kikombe juu ya beseni. Hata ndoo moja iliyowekwa akiba ni bora kuliko chupa kumi za dawa.

Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni mkakati mzuri na ninauunga mkono; mama zetu wamevuta moshi vya kutosha. Lakini nimeona kwenye taarifa za habari jinsi mitungi ya gesi inavyogawiwa katika hafla, viongozi wamesimama nyuma ya safu ya mitungi, wananchi wanapiga makofi, na sijasikia bado hafla ambayo mwananchi amekabidhiwa mtungi pamoja na somo la dakika tano la kuungua. Mtungi unapigwa picha. Dakika 20 za maji hazipigwi picha.

Wakati fulani nchi hii iliwahi kufanya vinginevyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikumpa kila mwananchi karatasi akajisomee gizani. Watu walikusanyika katika vikundi, wakaisikiliza Redio Tanzania kwa pamoja, wakajadili malaria, kuhara na kichocho, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Sina nia ya kuutukuza wakati ule. Nilizaliwa baada yake na ninazijua kasoro zake. Ninachokitaka kwake ni jambo moja tu, kwamba maarifa yaliingia kwenye kikundi. Dada wa nyumbani kwangu alikuwa na maarifa sahihi, tena bila kufundishwa, lakini alikuwa nayo peke yake, na maarifa ya mtu mmoja asiye na cheo hayashindi dawa ya meno ya mtu mzima. Kama wale kina mama wangekuwa wamesikia somo lilelile pamoja, yule wa kwanza kufika angesema: mrudishe kwenye maji.

Sasa nieleze tulichofanya, kwa kuwa lawama bila kazi ni sawa na mihadhara yetu mingi.

Tulianza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo tulikuwa tumevichanganya. Sababu ya kuweka kisanduku juu na kukifungia ilikuwa ya haki: watoto humeza vidonge. Lakini bandeji haimwui mtoto. Kwa hiyo vidonge na dawa za maji vimebaki mahali pa juu, pakavu, ndani ya kopo lenye mfuniko mgumu, na dada anajua lilipo. Vifaa vyote vya majeraha vimeshushwa na kuwekwa jikoni, kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, ukutani, usawa wa bega la mtu mzima, mbali na jiko. Haina kufuli. Gharama yote haikufika shilingi 40,000, na vitu karibu vyote nilivipata kwenye duka la dawa muhimu la mtaani kwetu, moja ya maduka yale ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003.

Ndani ya ndoo kuna glavu jozi nne, kwa sababu damu ya mtu mwingine isiguswe kwa mikono mitupu hata kama ni ya ndugu. Kuna shashi safi zilizofungwa moja moja, bandeji za kuzungusha za upana tofauti, utepe wa kunata, plasta, mkasi usio na ncha kali, kibano cha kutolea miiba na sabuni ya kipande. Pamba ipo, lakini kwa kazi ya nje tu. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya kidonda nyuzi zake hushikana na nyama. Spiriti tumeiacha. Huunguza nyama hai bila faida, na kidonda cha kawaida kinataka maji safi yanayotiririka na sabuni. Kwa kidonda kinachotoka damu nyingi dawa ya kwanza ni mkono: kandamiza kwa shashi au kitambaa safi, usichungulie kila mara, na damu ikilowesha ongeza kitambaa cha pili juu ya cha kwanza bila kukiondoa. Kuna pia kanga moja kuukuu, imefuliwa na kupigwa pasi, imekatwa pembetatu mbili. Inaning'iniza mkono uliovunjika vizuri kuliko kitu chochote nilichokiona dukani.

Kopo la dawa nimelipunguza hadi karibu kuwa tupu, na hapo niliteta kidogo na mwenzangu. Tulikuwa na utamaduni wa kuhifadhi nusu dozi: amoxicillin iliyobaki mwaka juzi, vidonge vya malaria vya mgeni, dawa ya kikohozi isiyo na karatasi. Vyote vimeondoka. Nusu dozi ya antibayotiki ni njia ya kuwafundisha vimelea usugu, na nyumba nyingi za wasomi ndizo shule zao. Tumebakiza paracetamol, ya wakubwa na ya watoto, pamoja na karatasi inayosema kipimo kwa uzito wa kila mtoto, aliyoiandika mfamasia. Aspirini haipewi mtoto, kwa hiyo haimo. Kuna kipimajoto. Kuna pakiti za ORS na vidonge vya zinki, ambavyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivipendekeza vitumike pamoja kwa mtoto anayeharisha tangu mwaka 2004, zinki ikitolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Na kando ya pakiti hizo tumeweka chupa tupu ya lita 1. Nimeona watu, wengine wana shahada, wakimimina pakiti nzima kwenye glasi moja ya maji. Pakiti moja ni ya lita 1, na kinachobaki baada ya saa 24 kinamwagwa.

Upande wa ndani wa mfuniko wa ndoo tumebandika karatasi. Tumeiandika wenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na dada ndiye aliyekuwa mhariri: kila sentensi ambayo hakuielewa mara moja tuliifuta. Inasema maji dakika 20. Inasema aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa mafuta yakipanda huweza kuingia mapafuni. (Na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, jambo ambalo tumelishindwa kwa miaka 60 ya uhuru.) Inasema damu ya pua: inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10, usilaze kichwa nyuma. Inasema mwenye degedege asitiwe kijiko mdomoni. Alazwe ubavu na kuondolewa vitu vya hatari. Inasema jeraha la kung'atwa na mbwa lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anafahamika, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Kwa nyoka: usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, mtulize asitembee, mwahishe hospitali. Chini kabisa kuna namba za simu kwa kalamu ya wino, kwa kuwa simu huzima chaji: 112 polisi, 114 zimamoto, zahanati, hospitali, na dereva wa bajaji ambaye tumeshakubaliana naye kwamba hata saa nane za usiku atapokea. Huyo ndiye gari letu la wagonjwa.

Kukusanya vitu hivi kulichukua alasiri moja. Kuvitunza ndiyo kazi, na ndipo tunaposhindwa nyumbani kama tunavyoshindwa hadharani. Kila aliyefanya utafiti vijijini ameona kisima cha pampu kilichozinduliwa kwa ngoma na kikafa kwa kukosa kipande kidogo cha mpira. Kipande kile hakikuwa ghali. Kilichokosekana ni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu wa kugundua kwamba kimechakaa, na vijisenti vilivyotengwa kwa ajili hiyo kabla hakijachakaa. Kuzindua kuna tarehe na mgeni rasmi. Kutunza hakuna mgeni rasmi. Sanduku langu lilizinduliwa siku ya kuhamia, na kama kisima kile halikuwa na mtu.

Kwa hiyo sasa lina mtu, na mtu huyo si mimi. Kuna daftari la kurasa 40 limefungwa kwa uzi kwenye mpini wa ndoo. Anayetoa kitu anaandika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wa tatu dada anamwaga kila kitu mezani, anahesabu, anasoma tarehe. Mwanzoni hakujua kwamba zile herufi "EXP" zilizogandamizwa pembeni mwa pakiti ndizo mwisho wa matumizi, na kwa nini angejua? Nilimwonyesha mara moja. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mahali pa kwanza tulipopachagua, juu ya friji, palikuwa na joto mchana kutwa, na kwamba bafuni plasta huharibika kwa mvuke. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzijoto 25 au 30. Kwa sisi wa pwani sharti hilo ni gumu kuliko linavyosomeka, na sanduku linaloachwa ndani ya gari lililopaki juani ni sanduku la vitu vilivyokaangwa. Kwa ununuzi anazo shilingi 5,000 kila mkupuo, ndani ya bahasha, na hahitaji kuniomba.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba makala kama hii inaipunguzia serikali mzigo na kumtwisha mwananchi: leo sanduku, kesho ajichome sindano mwenyewe. Hoja hii naiheshimu. Nimeitoa mara nyingi juu ya mambo mengine, na juu ya kaya isiyo na uhakika wa mlo wa jioni ninaitoa bado. Kaya hiyo isiambiwe habari za shilingi 40,000. Lakini hakuna serikali duniani, hata ya nchi tajiri, inayoweza kufika jikoni kwako ndani ya dakika ya kwanza. Dakika ile ni ya aliyepo. Serikali inadaiwa mengine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inahusika na yanayotokea baada ya mlango wa hospitali; kati ya jiko na mlango ule tuna pengo. Mfumo wa m-mama, kwa namba 115, umeonyesha kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa kwa wajawazito na watoto wachanga, tena kwa kuwatumia hata madereva wa kawaida wa teksi. Kwa nini mtoto aliyeungua asiwemo? Na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ingeweza, kwa waraka mmoja, kutaka kila kisanduku kinachouzwa nchini kiwe na maelezo ya Kiswahili ndani yake. Tunajivunia lugha hii mbele ya Umoja wa Afrika, kisha tunamwuzia mama wa Mbagala bandeji yenye maelezo ya Kichina.

Somo la pamoja nalo tulilitafuta. Kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wa mtaani hukutana Jumapili, na muuguzi mmoja mstaafu alikubali kupewa nusu saa kabla ya hesabu za hisa. Mimi nilikaa nyuma. Jirani yetu yule wa dawa ya meno alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bila kinyongo kwamba yeye mwenyewe alipakwa hivyo na marehemu mama yake, na ana kovu pajani, na miaka yote aliamini kovu lile limetokana na moto. Halafu akauliza swali ambalo kwenye vitabu sijalikuta: asiye na saa atazijuaje dakika 20? Wakajadiliana wenyewe. Walikubaliana kwamba ni kama muda wa kubandika maji ya ugali hadi kuupakua, na kwamba mtu akidhani zimetosha basi aongeze tena.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa Jumamosi iliyopita. Plasta zilikuwa zimepungua saba, zote zimeandikwa, tano kati yake kwa jina la mwanangu wa kiume na baiskeli yake. ORS pakiti mbili zilikuwa zinaelekea kuisha muda, zikatengwa. Nilikuwa sebuleni nikisahihisha mitihani dada alipokuja na daftari mkononi, akalifungua mbele yangu na kuweka kidole kwenye mstari aliokuwa ameupigia wino mwekundu. "Shikamoo baba," alisema. "Mkasi ulichukua tarehe 9, hujaurudisha."

Ulikuwa ofisini kwangu, chuoni, kwenye droo ya meza. Niliurudisha Jumatatu.